Kipimo Kilichofurika: Imani Yetu na Gunia la Lumbesa



Jioni moja tulishiriki sala ya Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo katika nyumba iliyo juu ya barabara itokayo Soni kwenda Lushoto. Ukungu ulikuwa umekwisha kushuka, na watu walikuwa wamekaa karibu karibu kwa ajili ya baridi. Injili iliyosomwa ilikuwa ile ya Mtakatifu Luka, sura ya 6, pale Bwana wetu anapowafundisha wafuasi wake kuwa wakarimu, akiwaahidi kwamba Mungu atawarudishia kwa kipimo kilichojazwa, kikashindiliwa na kutikiswa hata kikafurika (rej. Lk 6:38). Ulipofika wakati wa kushirikishana, ndugu mmoja ambaye kazi yake ni udalali wa mboga alitabasamu, akasema: "Padre, kumbe na Bwana Yesu anaijua lumbesa!"

Watu wakacheka, na sisi tukacheka pamoja nao. Bibi mmoja aliyeketi karibu na mlango hakucheka. Alingoja kicheko kiishe, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Ya Yesu mtu anapewa, mwanangu. Ya kwenu mnachukua."

Hakuna aliyemjibu. Katekista aliendelea na maombi, tukamaliza kwa baraka, tukaagana. Lakini tulipokuwa tukishuka mlima usiku ule kwa mwanga wa tochi, tulitambua kwamba bibi yule ametoa mahubiri ambayo sisi, pamoja na miaka yetu yote ya seminari, hatujawahi kuyatoa. Tumehubiri mara nyingi juu ya sala, juu ya ndoa, juu ya ulevi na juu ya ushirikina. Juu ya gunia hatujahubiri. Na hali gunia ndilo linalosimama kati ya mwamini na riziki yake karibu kila juma katika milima hii ya Usambara. Ndiyo maana tumeona vema kutafakari pamoja nanyi juu ya jambo hili, ili tuone imani yetu inasema nini tunapokuwa shambani na sokoni, mbali na benchi la kanisani.

Lumbesa ni nini?

Kwa wenyeji wa Lushoto swali hili halina haja ya kuulizwa. Hata hivyo, kwa ajili ya wasomaji wa mahali pengine, tueleze kwa ufupi. Milima yetu inalisha miji. Kutoka Lukozi, Malindi, Mlalo, Soni na vijiji vingine vingi, malori yaliyosheheni viazi mviringo, kabichi, karoti, nyanya na pilipili hoho huteremka kila siku kwenda Mombo, na kutoka hapo hushika barabara kuu kuelekea Tanga, Dar es Salaam na kwingineko. Mazao kama viazi kwa desturi huuzwa kwa gunia, wala si kwa kilo. Bei hutajwa kwa gunia moja, na mkulima hulipwa kwa hesabu ya magunia.

Hapo ndipo penye tatizo. Gunia likijazwa hadi mdomoni na kushonwa, kila mtu anajua ni gunia. Lakini katika lumbesa gunia halifungwi mdomoni. Hushindiliwa, hutikiswa, hushindiliwa tena, kisha huongezewa kichwa cha ziada kwa kamba, wavu au kipande cha gunia jingine, mpaka linakuwa mzigo ambao mwanamume mmoja hawezi kuuinua peke yake. Bei, hata hivyo, inabaki ya gunia moja.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme mkulima na mnunuzi wamepatana bei ya gunia la kilo 100, na lumbesa imelifikisha gunia hilo kilo 130. Mkulima aliyeuza magunia kumi ametoa kilo 300 bila malipo. Ameuza magunia kumi na matatu, akalipwa kumi. Yale matatu alinunua mbegu yake, akanunua mbolea na dawa yake, akayapalilia na kuyavuna kwenye mteremko ambao hata mbuzi huupanda kwa taabu, na pengine akamlipa mtu kuyabeba hadi barabarani. Hayo matatu ndiyo yangekuwa sare ya shule ya mtoto, au dawa za mzee aliye kitandani, au mbegu ya msimu ujao.

Sheria ya nchi yetu inalikataza jambo hili. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inasimamiwa na Wakala wa Vipimo, na kwa miaka mingi Wakala huo umekuwa ukiwaelimisha wananchi kwamba gunia la mazao halipaswi kuzidi kilo 100. Jirani zetu wa Kenya nao, katika kanuni zao za viazi za mwaka 2019, waliweka kikomo cha kilo 50. Basi hatuzungumzii jambo lililo gizani. Tunazungumzia jambo ambalo serikali inalikataza, kila mtu analijua, na bado linafanyika mchana kweupe, mara nyingine kati ya watu wawili ambao Dominika iliyotangulia walipeana amani ya Kristo katika kanisa moja.

Neno la Mungu na mizani

Wapo wanaodhani kwamba Mungu hajishughulishi na mambo ya mizani, kwamba hayo ni ya maofisa na wafanyabiashara. Maandiko Matakatifu hayakubaliani nao. Katika kitabu cha Walawi, sura ile ile inayotuamuru kumpenda jirani kama nafsi zetu, Mungu anaamuru pia mizani ya haki, mawe ya haki na vipimo vya haki, na kama sababu ya amri hiyo anawakumbusha Waisraeli kwamba Yeye ndiye aliyewatoa katika nchi ya Misri (rej. Law 19:18.35-36). Maana yake ni kwamba aliyekombolewa kutoka utumwani hana ruhusa ya kumtumikisha mwenzake kwa njia ya kipimo.

Kumbukumbu la Torati linakwenda mbali zaidi. Linakataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia katika mfuko wake, moja kubwa na moja dogo, na kuwa na vipimo viwili nyumbani mwake (rej. Kum 25:13-15). Kwa nini mtu awe na vipimo viwili? Kwa sababu kikubwa ni cha kununulia na kidogo ni cha kuuzia. Ndugu zangu, tusiseme kwamba hayo ni mambo ya kale. Viazi vinavyonunuliwa Lushoto kwa lumbesa vinapofika mjini huuzwa kwa fungu na kwa sado, na yapo masado ambayo kitako chake kimebonyezwa ndani. Mkulima wa Mlalo anapunjwa kwa kipimo kikubwa, na mama wa uswahilini anapunjwa kwa kipimo kidogo, na vipimo vyote viwili vimo katika safari moja ya gunia moja.

Nabii Amosi alikutana na wafanyabiashara waliokuwa wakishika sabato huku mioyo yao ikiuliza itakwisha lini, ili wapate kufungua ghala, wapunguze kipimo, waongeze bei na wauze hata makapi ya ngano (rej. Amo 8:4-6). Tuangalie vizuri: watu hao walikuwa wakienda kwenye ibada. Hawakuwa wapagani. Mwili wao ulikuwa katika sala na fikra zao zilikuwa katika mizani. Ni nani kati yetu anayeweza kusema kwamba hajawahi kusimama katika Misa Takatifu namna hiyo?

Tuongeze kwamba majirani zetu Waislamu, ambao ni wengi katika milima hii na ambao tunauziana nao kila siku, wana katika Kurani sura ya 83 inayobeba jina la wale wanaopunja vipimo, na ambayo inawaonya vikali wanaodai kujaziwa wanapopokea na kupunguza wanapotoa. Katika soko letu, basi, hakuna atakayesema kwamba dini yake haikumwambia.

"Lakini mkulima alikubali"

Utetezi wa kwanza tunaousikia ni huu: hakuna aliyemlazimisha mkulima. Alionyeshwa gunia, akatajiwa bei, akakubali, akapokea fedha zake.

Kanisa limelijibu neno hili zamani. Tarehe 15 Mei 1891, Papa Leo XIII alitoa waraka wake Rerum Novarum juu ya hali ya wafanyakazi. Wakati ule wenye viwanda wa Ulaya walisema maneno yale yale: mfanyakazi amekubali mshahara, basi ni halali. Papa alifundisha kwamba ipo haki iliyo ya kale na ya juu kuliko mapatano ya watu wawili, na kwamba mtu anayekubali masharti magumu kwa sababu ya shida, au kwa kuogopa baya zaidi, ametendewa kwa nguvu, na nguvu hiyo ni dhuluma. Mafundisho hayo hayakuzeeka. Baba Mtakatifu Leo XIV, aliyechaguliwa tarehe 8 Mei 2025, alieleza mwenyewe kwamba alichukua jina hilo hasa kwa ajili ya Leo XIII na waraka wake huo.

Tumtazame sasa mkulima wetu. Nyanya zake zimeiva, na kabichi zake zimekwisha kukatwa. Hana ghala la baridi, hana gari, na mvua inatishia kuikata barabara ya kijijini kwake. Amekopa fedha za mbolea. Mnunuzi ni mmoja, na akiondoka hajulikani mwingine atakuja lini. Mtu wa namna hii anapoitikia kwa kichwa, je, amekubali au ameshindwa? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, inapoieleza amri ya saba, inahesabu miongoni mwa matendo yaliyo kinyume cha amri hiyo kutumia ujinga au shida ya mwenzako kujipatia bei, pamoja na kulipa ujira usio wa haki (rej. KKK 2409). Na inasema wazi kwamba jambo laweza kuwa halivunji sheria za nchi na bado likawa ni wizi mbele ya Mungu. Lumbesa haina hata kinga hiyo, maana sheria ya nchi nayo imeikataza.

Hapa tunapata swali moja jepesi ambalo kila mwamini anaweza kujiuliza anapofanya biashara: huyu ninayepatana naye, angeweza kukataa? Kama angeweza, na akakubali kwa hiari, tumepatana. Kama hangeweza, basi kukubali kwake hakutuhesabii haki.

"Lakini soko ndilo linalotaka"

Utetezi wa pili una uzito zaidi, nasi hatupendi kuudharau. Dalali yule wa jioni ile alitufuata baadaye na kutueleza kwa unyofu: "Padre, mimi nikifunga gunia la kawaida, kule mjini hawalinunui. Lori linanitoza kwa gunia, ushuru unatozwa kwa gunia. Mwenzangu akileta lumbesa na mimi nikaleta gunia la sheria, mimi nitafilisika na yeye atajenga nyumba."

Anasema kweli. Mahali popote gharama zinapohesabiwa kwa gunia badala ya uzito, kila aliye njiani anapata faida gunia likinenepa, isipokuwa yule aliyelima na yule aliyelibeba. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Sollicitudo Rei Socialis wa mwaka 1987, aliiita hali kama hii miundo ya dhambi: dhambi za watu wengi zinarundikana, zinakuwa desturi, desturi inakuwa mfumo, na hatimaye mfumo unamfanya hata mtu mwema aone kwamba hana njia nyingine. Lakini Papa huyo huyo alikazia kwamba miundo hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Ilianzishwa na maamuzi ya watu, na inadumishwa na maamuzi ya watu. Kwa hiyo watu wanaweza kuibomoa, ingawa mtu mmoja peke yake atapata shida.

Tulimwambia dalali kwamba hatumhesabii peke yake mzigo wa soko zima. Lakini tulimwomba asiseme tena kwamba hana la kufanya. Kati ya mtu anayeongeza kichwa cha gunia mpaka mkulima anafuta machozi, na mtu anayetafuta namna ya kulipia hata sehemu ya ile ziada, ipo tofauti, na Mungu anaiona.

Lumbesa zetu sisi wenyewe

Ingekuwa rahisi kumaliza makala hii kwa kuwanyoshea kidole madalali. Tusifanye hivyo. Juma lile lile, mama mmoja alileta karoti kwenye lango la nyumba ya mapadre. Tuliuliza bei ya fungu, tukapatana, kisha kwa mazoea tukamwambia: "Mama, tuongezee basi, na sisi mapadre tunakula." Akaongeza karoti mbili. Tukaendelea kumtazama, akaongeza na ya tatu, huku akitabasamu. Tulipokuwa tukiziweka jikoni ndipo maneno ya bibi yalipoturudia. Yule mama angeweza kumkatalia padre? Alitabasamu kwa furaha, au alitabasamu kwa sababu hakuwa na namna? Hatukujua, na kutokujua kwetu kulitosha kutusumbua. Siku nyingine alipokuja tulimlipa karoti zile. Alishangaa sana, na sisi tuliona haya.

Nyongeza yenyewe si dhambi. Ni desturi nzuri ya watu wetu. Muuzaji anapoongeza kwa hiari anasema kwa mkono wake kwamba mnunuzi ni ndugu, si mfuko wa fedha tu. Ubaya unaanza pale nyongeza inapodaiwa kama haki.

Mkulima naye ajichunguze. Yupo anayelalamikia lumbesa huku akiweka viazi vizuri juu ya gunia na vilivyooza katikati. Yupo anayenyunyizia nyanya dawa jioni na kuzivuna asubuhi, akijua kwamba zitaliwa na watoto asiowajua. Huyo naye ana vipimo viwili: kimoja cha familia yake, kingine cha watu wa mbali.

Na nyumbani je? Binti wa kazi aliyeajiriwa kupika sasa anafua, anachota maji, analea watoto na kulala wa mwisho, kwa mshahara ule ule: hiyo ni lumbesa. Kibarua aliyeahidiwa malipo ya ngwe moja anaongezewa na kona ya shamba jirani, kisha anaambiwa arudi kesho kuchukua fedha. Torati iliamuru ujira wa maskini ulipwe kabla jua halijatua (rej. Kum 24:14-15), na Mtume Yakobo anasema kwamba ujira uliozuiliwa unalia, na kilio hicho kinamfikia Bwana (rej. Yak 5:4). Mke anayetoka shambani na mzigo wa kuni kichwani na mtoto mgongoni, huku mume akitangulia mikono mitupu, anabeba lumbesa ambayo hakuna Wakala wa Vipimo anayeikagua.

Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati juu ya Kanisa katika Ulimwengu wa Leo iliyotolewa tarehe 7 Desemba 1965, walihesabu utengano kati ya imani tunayoikiri na maisha ya kila siku kuwa ni mmoja wa makosa makubwa ya nyakati zetu (rej. GS 43). Tunapoona lumbesa, tunauona utengano huo kwa macho.

Sadaka inayotoka wapi?

Katika parokia zetu ni jambo la kupendeza kuona maandamano ya vipaji: viazi, maharage, ndizi, kabichi, wakati mwingine kuku. Tunamtolea Mungu kile ambacho milima yake imetuzalia. Lakini Yoshua bin Sira anatuonya kwamba sadaka iliyopatikana kwa dhuluma ina doa, na kwamba kumpokonya maskini riziki yake ni sawa na kumwua (rej. YbS 34). Mwaka 1514, katika kisiwa cha Cuba, padre mmoja Mhispania aitwaye Bartolomé de las Casas, ambaye mwenyewe alimiliki Wahindi waliomlimia mashamba, alikuwa akiandaa mahubiri ya Pentekoste. Alipofika kwenye maneno hayo ya Bin Sira hakuweza kuendelea kama zamani. Aliwaachilia watu wake, na akatumia sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki kuwatetea. Neno lililomgeuza lilikuwa juu ya kutoa sadaka kutoka mali iliyonyang'anywa. Linaweza kutugeuza na sisi.

Urithi tulio nao

Hatuhitaji kwenda Cuba kutafuta mfano. Ukristo wa Kikatoliki katika milima hii ulipandwa na wamonaki. Watrapisti walifika Gare mwishoni mwa karne ya 19, na Wabenediktini wanajulikana hadi leo Sakharani na Mazinde Juu. Familia hizo mbili za kitawa zinafuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6. Sura ya 57 ya Kanuni hiyo inahusu mafundi wa monasteri na uuzaji wa kazi zao. Benedikto anaagiza kwamba wanaouza wasithubutu kufanya hila, kwamba tamaa isiingie katika bei, na kwamba bidhaa za monasteri ziuzwe kwa bei iliyo nafuu kidogo kuliko ya watu wengine, ili katika yote Mungu atukuzwe.

Tulishangaa tulipoisoma sura hiyo upya. Mtakatifu huyu hakungoja chumba cha sala ili kuzungumzia utukufu wa Mungu. Aliuona katika bei ya bidhaa.

Tufanye nini?

Tunapendekeza mambo machache ambayo jumuiya yoyote inaweza kuyaanza bila kungoja barua kutoka juu.

Kwanza, mizani. Jumuiya au kigango kinaweza kuchanga na kununua mizani moja iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, ikatumiwa na wakulima wote wa mahali, Wakristo na Waislamu. Mkulima anayejua gunia lake lina kilo ngapi anazungumza na mnunuzi kwa sauti nyingine kabisa.

Pili, kuuza pamoja. Mkulima mmoja akikataa lumbesa, mnunuzi anakwenda kwa jirani yake. Wakulima ishirini wakikataa siku moja, kwa njia ya kikundi au ushirika wao, mnunuzi atakaa chini wazungumze. Mshikamano, ambao tunauimba sana kanisani, hapa unakuwa na faida ya kuhesabika.

Tatu, kurudisha. Tunapokwenda kwenye Sakramenti ya Kitubio tukumbuke kwamba Mungu anasamehe dhambi ya wizi, lakini kilichochukuliwa kinatakiwa kirudi kwa mwenyewe (rej. KKK 2412). Zakayo alipompokea Bwana nyumbani mwake hakuishia kulia, alifanya hesabu, akaahidi kurudisha mara nne (rej. Lk 19:8). Ikiwa aliyedhulumiwa hapatikani tena, mapokeo ya Kanisa yanatuelekeza kuwapa maskini.

Nne, kujichunguza. Kila Jumamosi jioni, kabla ya kuandaa nguo za Misa, baba au mama wa familia aulize mbele ya wote: juma hili, yupo mtu tuliyemlipa pungufu? Yupo tuliyemwongezea mzigo kwa sababu hakuweza kukataa? Ikiwa yupo, apelekewe haki yake kabla hatujapeleka matoleo altareni, kama Bwana alivyotufundisha juu ya ndugu aliye na neno juu yetu (rej. Mt 5:23-24).

Wazee wa Kisambaa walikuwa na usemi wa kuiponya nchi na usemi wa kuiharibu nchi. Nchi iliyopona ilikuwa nchi yenye mvua, chakula na amani kati ya watu. Hawakutenganisha hali ya mashamba na hali ya haki. Sisi Wakristo tunaweza kuupokea usemi huo kwa shukrani, tukijua kwamba Yule aiponyaye nchi ni Mungu, na kwamba anapenda kutumia mikono yetu.

Tumalizie kwa bibi yule. Dominika chache baada ya jioni ile tulimwona katika maandamano ya vipaji. Alikuwa amebeba debe dogo la viazi, na alikuwa amelijaza kupita mdomo, viazi vimepangwa juu kama kilima. Alipokaribia altare viazi vitatu vinne vilidondoka na kubingirika chini ya mabenchi, na watoto wakainama kuviokota. Hakuna aliyekuwa amelishindilia debe lile isipokuwa yeye mwenyewe. Tulilipokea mikononi mwetu, na lilikuwa zito.

Mungu Mwenyezi atujalie mikono ya kutoa kwa kipimo hicho, na atuepushe na mikono ya kukichukua kwa wengine. Kwa maombezi ya Bikira Maria Mama wa Mungu, awabariki katika mashamba yenu, katika masoko yenu na katika nyumba zenu. Amina.